Delphia Mae Hensley, Aliyetengwa kwa Ajili ya Wimbo

Ndugu wa Panther Lick, na ninyi wageni mliotoka mbali na magari yenu marefu, familia imemtuma Tempa Caudill, binamu wa marehemu, mwenye umri wa miaka sabini na mitano na madarasa sita, awasomee safari ya maisha ya mwimbaji wetu, na imemsihi asome yaliyoandikwa tu wala asiongeze chumvi, naye ameahidi, na mnaocheka hapo benchi la tatu mmeonekana.

Delphia Mae Hensley alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Machi 1931, hapa hapa kwenye Kijito cha Panther Lick, mashariki mwa Kentucky, theluji ikiwa imefunga njia hata mkunga akafika mtoto ameshazaliwa na kufungwa nguo, naye alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Elihu Hensley, aliyekuwa mchimba makaa siku sita na mhubiri siku ya saba, na mkewe Sarilda. Wavulana wawili walitangulia mbele ya haki kwa kifaduro, wakabaki wasichana wawili, Ottie na Delphia, waliopishana miaka mitano, waliolala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja, na ugomvi ule haukuwahi kwisha, ulibadilisha blanketi tu.

Marehemu alianza masomo mwaka 1937 katika shule yetu ya chumba kimoja, akahitimu darasa la nane mwezi Mei 1945, akiwa hodari wa kusoma, mzito wa hesabu, na mwalimu wetu Bi Vada aliandika kwenye ripoti yake mwaka baada ya mwaka kwamba mtoto huyu anaimba wakati wa kuandika. Kuimba alifundishwa ndani ya nyumba hii ya ibada mliyokaa, kwa desturi mnayoijua, kwamba mzee mmoja anautanguliza mstari na watu wote wanauitikia kwa kuuvuta taratibu, bila gitaa, bila kinanda, bila hata filimbi ya kushikia sauti, kwa maana baba zetu walisema Mungu aliumba koo, mbao na nyaya waliziongeza watu. Gitaa alilipata mwaka 1946 kwa kulilimia shamba la mahindi la jirani majira mazima ya joto, na kwa kuwa baba yake asingelivumilia chini ya paa lake, lilikaa miaka mitatu chini ya kitanda cha msomaji wenu, na leo ndiyo mara ya kwanza jambo hilo kusemwa hadharani, maana wenyewe wote wamekwisha kufa.

Agosti ya mwaka huo huo wa 1946 alibatizwa kijitoni na baba yake mwenyewe, akaandikwa katika kitabu cha kanisa akiwa na miaka kumi na mitano, akakaa mabenchi ya mbele pamoja na walioandikwa, kama ilivyo hadi leo, walioandikwa mbele karibu na mhubiri, wasioandikwa nyuma karibu na mlango.

Kazi ya kuimba aliianza mwaka 1949 kwenye redio ya mji wa makaa, kila Jumamosi asubuhi, akisifia unga wa ngano katikati ya nyimbo, na mama zetu wakanunua unga ule ingawa ulikuwa na wadudu, kwa sababu Delphia kausifia. Mwaka 1951 aliolewa na Clate Bowling, mtu mzuri wa sura na wa kucheza dansi, mbaya wa mkono, wakaachana mwaka 1954, na familia haina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba amezikwa kaunti nyingine. Kabla hata ya talaka kutoka alikwisha kupanda basi kwenda Nashville na meno mawili pungufu, na meno yale ya bandia ndiyo yaliyotabasamu kwenye picha zote mlizozibandika ukutani. Mwaka 1957 aliolewa tena na Doyle Purvis, mpigaji wa lile gitaa la kulazwa mapajani linalolia kwa kipande cha chuma, mtu mpole aliyezungumza maneno kumi kwa siku, wakajaliwa binti mmoja, Twila, tarehe 9 Juni 1959, ambaye tunaye hapa, wakaishi pamoja hadi Doyle alipofariki mwaka 1988.

Nyimbo zake za mapenzi yaliyovunjika, za treni na za jiko lililozimika, mnazijua kuliko msomaji. Lakini wimbo uliompa jina kutoka Texas hadi Kanada, na ndio huo huo uliompokonya jina hapa, ni ule wa kale wa kanisa letu, "Nivushe Kabla ya Baridi," alioupokea kinywani mwa baba yake, akaurekodi mwezi Oktoba 1961, na nyuma ya sauti yake likaingia gitaa la Doyle likilia kama mjane. Ndugu, hakufanya kwa dharau. Alifikiri anampa baba yake zawadi, akaifunga santuri ile kwa gazeti, akaituma kwa posta na kadi yenye maneno haya, "Baba, nimeuimba kama ulivyonifundisha, sasa watausikia hata wasio na kanisa." Mzee Elihu hakuwa na mashine ya kuchezea, akashuka nayo dukani kwa Estill Fugate, ikawekwa mbele ya watu tisa waliokuja kununua chumvi na misumari, na lilipoingia lile gitaa mzee akavaa kofia yake, akasema, "Estill, nizimie," akatoka na kuiacha santuri inazunguka.

Jumamosi ya pili ya Februari 1962, katika kikao cha kanisa, Mzee Elihu akiwa ndiye msimamizi, aliuliza kura kwa kinywa chake mwenyewe, hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo chungu, na mikono yote ikainuka, ukiwemo wa Ottie, na Delphia akafutwa kitabuni. Habari zilimfikia Nashville kwa barua ya Ottie, ambayo Twila ameihifadhi, nayo ni fupi: "Kanisa limekutenga. Baba ndiye aliyeuliza kura. Mama hajambo. Ng'ombe amezaa."

Hapo ndipo mwanzo wa miaka arobaini na miwili ya ukimya, na wapo waliodhani ilikuwa ni kiburi cha mwimbaji, au wivu wa dada aliyebaki na ndoo za maziwa, na msomaji wenu anakiri kwamba baadhi ya dhana hizo zilianzia jikoni kwake. Ukweli ni kwamba Ottie, na mumewe Burl Messer, ndio waliomtunza baba, na redio ilikuwa sebuleni, na wimbo ule haukuwa na adabu, uliweza kutokea saa yoyote katikati ya habari za bei ya makaa. Kila ulipoanza, Ottie aliruka kuuzima, na mzee alikuwa ameshachukua kofia, anatoka kwenda bandani, mvua isiwe kitu, theluji isiwe kitu, anakaa huko nusu saa, anarudi midomo imegeuka rangi. Alifanya hivyo miaka sita. Januari 1968 alitoka hivyo jioni ya baridi kali, akarudi anakohoa, na tarehe 19 akafariki kwa homa ya mapafu. Ottie aliyahesabu yote akayaweka moyoni kwamba dada yake amemuua baba kwa wimbo, polepole, kila mara ulipopigwa redioni, na hakumwambia mtu. Delphia alikuja mazishini na koti la manyoya, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango kama sheria ilivyo, akaondoka kabla ya chakula.

Aliendelea na kazi, na kazi nayo ikamchoka. Mitindo ilibadilika, akashuka kutoka kumbi kubwa hadi maonyesho ya ng'ombe na mashindano ya matrekta, mapafu yakaharibiwa na moshi wa vilabu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuvuta kwa sigara yake, akaimba mara ya mwisho tarehe 7 Septemba 1991, akakatika pumzi katikati ya ubeti, mpigaji banjo akaumalizia. Mwaka 1996 alirudi nyumbani, akaweka nyumba yake ya bati, ya kukokotwa na gari, kwenye uwanja wa msomaji wenu, ng'ambo ya barabara kwa Ottie, na ninyi majirani mliona wenyewe wazee wawili wakipishana kwenye sanduku la barua kama paka wawili ukutani. Maharage yalivuka barabara, lakini kwa mkono wa Tempa. Ottie anasema, "Mpelekee yule chupa hii ya maharage, mwambie yamezidi tu, nilikuwa niwape nguruwe." Delphia anakula, anasema, "Mwambie yule, nguruwe ameshukuru, ila chumvi ni ile ile ya mama, hajajifunza kitu." Na chupa inarudi imeoshwa ikang'aa, kwa sababu wote wawili walikuwa watoto wa Sarilda.

Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikificha kikohozi hadi mwaka 2001, alipoanguka dukani, akapewa mtungi wa oksijeni aliouvuta kwa magurudumu akauita mume wa tatu, akisema huyu angalau ananipumulia. Desemba iliyopita daktari alimweleza asitarajie kuiona theluji nyingine, na tangu siku hiyo neno lake lilikuwa moja tu, kwamba hataki kufa amefutwa. Hakutaka nyimbo zake zikumbukwe, hakutaka sanamu. Alitaka jina lake lirudi kwenye kitabu kile alipoliandikisha akiwa na nywele zilizolowa maji ya kijito.

Basi Jumamosi, tarehe 10 Aprili 2004, alikuja hapa na mtungi wake, akasimama mbele ya kanisa, maana utaratibu wetu ni kwamba aliyetengwa aombe mwenyewe kwa kinywa chake, na arudishwe kwa sauti ya wote, mkono mmoja ukikataa hakuna kurudi. Mzee Virgil Amburgey, msimamizi wetu, alimuuliza kwa upole, "Dada Delphia, unaujutia ule wimbo?"

Akapumzika kidogo, akajibu, "Ninajuta kwamba nilimwumiza baba yangu, nimejuta kila siku. Wimbo wenyewe, Virgil, nikisema naujutia nitakuwa nimedanganya ndani ya nyumba hii, na hilo nalo mtanitenga kwalo."

Watu walicheka, Mzee Virgil mwenyewe alicheka, akasema ameridhika, kuna mwenye neno? Na mikono ingekaa chini yote, ila Ottie alisimama.

"Mimi ninalo," akasema. "Alitoka nje kwenye theluji miaka sita, kila uliposikika. Wewe ulikuwa wapi? Mimi ndiye niliyemvua viatu vilivyoganda. Umemuua, Delphia, na sasa unataka kiti chake."

Ilikuwa mara ya kwanza marehemu kulisikia jambo hilo. Hakubishana. Alisema tu, "Hakuna aliyeniambia," akageuza mtungi wake, na magurudumu yalilia sakafuni hadi mlangoni.

Sasa inafika sehemu ambayo familia ilimwambia msomaji wenu aipite, naye hataipita. Tempa Caudill ameeneza habari za kila nyumba kwenye kijito hiki, mimba kabla ya harusi, pombe iliyozikwa chini ya mabanda ya kuku, na hajawahi kuombwa siri akaitunza, isipokuwa moja, na ndiyo hiyo aliyopaswa kuitoa. Mwezi Novemba 1966 aliingia bandani kwa Burl kutafuta kiota cha kuku aliyepotea, akasikia sauti ya Delphia, chini chini, ikitoka ndani ya pikapu ya Burl vioo vikiwa vimepandishwa. Akachungulia. Mzee Elihu alikuwa amekaa nyuma ya usukani, kofia magotini, redio inawaka, na midomo yake inakwenda. Alikuwa anautanguliza mstari. Anautoa yeye kwanza, kwa sauti ya kanisani, na binti yake anauitikia kutoka Nashville, kisha anautoa unaofuata. Hakuwa ameukimbia ule wimbo, alikuwa ameufuata mahali ambapo Ottie hawezi kuuzima. Alipomwona Tempa dirishani uso ulimbadilika, akashusha kioo, akasema, "Tempa, mimi ndiye niliyeuliza ile kura. Hukuona kitu." Na Tempa, kwa mara moja katika maisha yake, akafunga mdomo, kwanza kwa hofu, kisha kwa mazoea, kisha kwa aibu ya kuchelewa.

Mwezi Julai mwaka huu, Delphia akiwa ameshalazwa mara ya pili, Ottie na Tempa walikuwa kibarazani kwa Ottie wakitunga kwenye uzi maharage ya kukausha, na Tempa akayasema yote bila kuinua macho kwenye sindano. Ottie aliendelea kutunga hadi uzi ukaisha. Kisha akauliza, "Ile pikapu ya kijani?"

"Hiyo hiyo."

"Burl alinunua betri tatu kwa ile pikapu," akasema. "Tatu, Tempa. Kila asubuhi imekufa. Aliwapiga wavulana wa Fugate akidhani wao ndio wanaozimaliza." Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia, akamtupia Tempa bakuli zima la maharage, akamwambia maneno ambayo hayasomwi mbele ya jeneza, na mwisho wake yalikuwa haya, "Miaka thelathini na minane una mdomo kama mlango wa zizi, na leo ndiyo unaniambia!" Hakuna wa kumlaumu.

Jumamosi, tarehe 14 Agosti, Ottie alisimama kikaoni akasema anauondoa mkono wake, alikosea. Mzee Virgil alimwambia, na macho yake hayakuwa makavu, "Dada Ottie, mkono ni wako kuuondoa, lakini lile ombi lilikufa Aprili. Ni lazima aje aombe upya, asimame, kwa kinywa chake."

"Hana pumzi ya kusimamia."

"Najua, dada. Baba yako ndiye aliyetuachia utaratibu huu."

Ottie alishika benchi la mbele, alilolikalia tangu mwaka 1940, akasema, "Basi nifuteni na mimi." Hakuna aliyeitikia hoja hiyo, karani alikifunga kitabu bila kuandika kitu, lakini Ottie alitoka mabenchi ya mbele, akapita katikati yenu kwa fimbo yake, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, na kikao kikaendelea bila yeye kuinua mkono kwa jambo lolote.

Kesho yake, Jumapili, alivuka hadi hospitali, chumba namba 12, mara ya kwanza, akakaa kwenye kiti akamweleza marehemu habari za pikapu na betri tatu. Delphia aliisogeza ile barakoa ya oksijeni akauliza, "Alitanguliza mstari? Mwenyewe?" Ottie akasema alitanguliza. Delphia alicheka bila sauti, mabega tu, hadi muuguzi akaja mbio. Kisha Ottie akamwambia la pili, kwamba ameomba afutwe, na marehemu akasema, "Mjinga wewe. Nilikuwa nakutegemea wewe ubaki ndani, angalau mmoja wetu." Ottie alimwambia anyamaze, amalize pumzi zake kwa mambo ya maana, akamvutia blanketi, na Twila anasema waligombana juu ya blanketi hilo hadi saa za kutazama wagonjwa zilipokwisha.

Delphia Mae Hensley alifariki dunia Jumatano, tarehe 18 Agosti 2004, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, hajarudishwa kitabuni. Ameacha binti mmoja, wajukuu watatu, dada mmoja, na santuri kumi na nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya pili, hasa yule binti wa zamu ya mchana aliyefanya kama hasikii wazee wakigombana, inawashukuru majirani kwa kuku wa kukaanga, mikate ya mahindi na vyungu vya maharage vilivyojaa meza kule nyuma, vyungu vyenye majina chini virudishwe kwa wenyewe. Inawashukuru wapiga muziki waliosafiri usiku kucha kutoka Nashville wakaacha magitaa yao ndani ya magari bila kuambiwa na mtu, na inamshukuru Mzee Virgil aliyefungua nyumba hii kwa marehemu. Na wale mnaogeuza shingo kumtafuta Ottie mbele, mahali anapostahili dada wa marehemu, acheni, msimwite. Yuko benchi la mwisho, karibu na mlango, na nafasi iliyo kando yake ameiwekea koti lake ili mtu asikae.

Pumzika sasa, Delphia Mae, kwa amani tuliyokucheleweshea.